Diski Iliyofika Karatu

Kabla ya lami, kila kilichofika Karatu kilifika chekundu. Basi lililotoka Arusha liliacha barabara kuu pale Makuyuni, likapita Mto wa Mbu, likapanda ukuta wa Bonde la Ufa likiburuta wingu la vumbi. Lilipoingia stendi, abiria, viti, mikungu ya ndizi na maboksi juu ya keria vilikuwa vya rangi moja. Ndani ya maboksi hayo, kati ya betri na vibiriti, zilisafiri kanda za video, na baadaye diski. Vumbi la Karatu ni laini kama unga, na linapenya kwenye ufa wa kasha lililofungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lami ilifika, kwa msaada wa Japani, hadi kwenye lango la Ngorongoro, na vumbi la barabara kuu likapungua. La vijijini, kuelekea Endabash, Mang'ola na Mbulumbulu, lipo hadi leo.

Naanza na vumbi kwa sababu historia ya video huku kwetu ni historia ya kitu chepesi, kinachokwaruzika, kilichotengenezwa na mtu mmoja na kutakiwa kifunguke kwenye mashine ya mtu mwingine asiyemjua. Kati ya wawili hao kuna barabara, umeme unaoyumba, na deki iliyonunuliwa miaka kumi iliyopita. Kila aliyewahi kuleta picha zinazotembea katika nchi hii, awe mkoloni, mwanasayansi, msambazaji wa Kariakoo jijini Dar es Salaam au kijana wa steshenari, alilazimika kuamua mapema picha yake ataiweka katika umbo gani. Kwa uamuzi huo alikuwa pia ameamua nani ataiona na nani hataiona.

Santuri za Vugiri

Mwaka 1935, katika milima ya Usambara, mahali paitwapo Vugiri karibu na Korogwe, ulianzishwa mradi wa kutengeneza filamu za mafunzo kwa ajili ya Waafrika wa Afrika Mashariki na Kati. Uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha zake nyingi zilitoka katika shirika la Carnegie la Marekani, na waliousimamia ni L. A. Notcutt na G. C. Latham. Hadi ulipofungwa mwaka 1937 ulikuwa umetoa filamu zipatazo 35, zikiwemo za ugonjwa wa safura, kilimo cha chai na kuweka akiba katika benki ya posta. Lori lilibeba projekta, skrini na jenereta kutoka kituo hadi kituo, likavuka mipaka ya Tanganyika hadi Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Kwa namna walivyozipiga, filamu hizo zilikuwa za serikali iliyodhani inajua kila kitu na wanakijiji hawajui lolote. Pamoja na hayo, mafundi wa Vugiri walikabiliana na maswali mawili yale yale anayokutana nayo leo mtu aliyemaliza kuhariri video na anataka kuitoa kwenye kompyuta: picha iwe ya ukubwa gani, na sauti ikae wapi?

Kwa picha walichagua filamu ya milimita 16 badala ya ile ya 35 ya majumba ya sinema. Picha yake ni ndogo na haiwezi kutandazwa kwenye skrini kubwa mno, lakini ni nyepesi, ni nafuu, na haishiki moto kwa urahisi kama filamu za 35 za wakati ule. Mradi unaotembea kwa lori haukuwa na chaguo bora zaidi.

Kwa sauti walifanya jambo linalonigusa kila ninapolifikiria. Hawakuichapa kwenye filamu. Waliirekodi kwenye santuri, yaani kwenye diski, na kuicheza sambamba na picha. Sababu kubwa ilikuwa lugha. Filamu moja ilitakiwa isemwe kwa Kiswahili, Kisukuma, Kikikuyu, Kiganda na lugha nyingine kadhaa. Kuchapa filamu upya kwa kila lugha kungewafilisi. Kubadili santuri kulikuwa rahisi: picha zinabaki zile zile, maneno yanabadilishwa kulingana na kijiji.

Ugumu wake ulikuwa hapo hapo. Filamu ikikatika, fundi huiunga na kupoteza fremu kadhaa, lakini santuri haina habari. Inaendelea na mwendo wake. Mkulima kwenye skrini bado anachimba choo, sauti imeshamaliza kuchimba na inamsifu. Waliokuwa wamechagua umbo lililowafaa watazamaji wa lugha nyingi walilipa gharama yake katika ulinganifu. Hapo pana kanuni ambayo imedumu tangu siku za santuri hadi leo: hakuna umbo lisilo na gharama, na mtu mwenye hekima huchagua gharama anayoweza kuibeba yeye, si ile itakayombebesha mtazamaji.

Kreta mbele ya kamera

Kwa upande wa Ngorongoro, mwaka mkubwa ni 1959. Tarehe 10 Januari ndege ndogo ya Michael Grzimek, iliyopakwa michirizi ya punda milia, iligongana na tumbusi angani ikaanguka. Kijana huyo wa Kijerumani, mwenye miaka 24, alikuwa akihesabu wanyama na kupiga filamu pamoja na baba yake, Bernhard. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba yake akaja kulazwa kando yake baada ya kufariki mwaka 1987. Filamu waliyoipiga, iliyotangaza kwamba Serengeti isife, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Katika mwaka huo huo wa 1959 sheria ilitenganisha Serengeti na Ngorongoro, na Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti wakahamishiwa upande wa Ngorongoro.

Miezi sita baada ya ajali, tarehe 17 Julai, mtafiti wa mabaki ya kale Mary Leakey aliona mfupa wa fuvu ukichomoza katika udongo wa Bonde la Oldupai. Siku hizo yeye na mumewe Louis walikuwa wakimsubiri mpiga filamu, Des Bartlett, ili uchimbaji uonekane tangu mwanzo. Kwa hiyo jembe lilingoja kamera. Fuvu lililopewa jina la Zinjanthropus lilitoka ardhini likitazamwa na lenzi.

Basi Ngorongoro ikawa mahali panapopigwa picha. Hollywood nayo ikaja: John Wayne aliigiza katika filamu ya Hatari!, iliyopigwa katika mbuga za kaskazini mwa Tanganyika na kutoka mwaka 1962. Lakini hebu tufikirie safari ya kurudi. Filamu ya saa moja na nusu ya milimita 35 ina urefu wa karibu kilomita mbili na nusu. Inahitaji makasha ya chuma, projekta ya kudumu, chumba cha fundi na umeme usiokatika. Ilikaa vizuri katika jumba kama Metropole la Arusha, kilomita zipatazo 140 kutoka Karatu. Mfugaji wa Endulen, huko Ngorongoro, ambaye nchi yake ilikuwa imetazamwa na dunia nzima, alihitaji kusafiri siku nzima ili aone kile ambacho mtu wa Frankfurt alikiona kwa kuvuka barabara. Umbo la filamu lilikuwa limeshaamua.

Baada ya uhuru, serikali ilijaribu kuziba pengo hilo. Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka 1968, na magari ya sinema ya wizara yalizunguka vijijini yakionyesha picha za kilimo, afya na siasa kwenye shuka jeupe. Kwa watu wengi wa rika la wazazi wangu, hiyo ndiyo sinema ya kwanza maishani mwao: gari, kishindo cha jenereta, na umati umekaa chini, nusu yao nyuma ya shuka wakisoma maandishi kinyumenyume.

Mkanda

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Hivyo milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na seti za televisheni zikaanza kuingia kutoka Dubai na kwingineko, hazikuwa na kituo cha Bara cha kunasa. Seti ilinunuliwa kwa ajili ya deki, na deki kwa ajili ya mkanda. Kwetu video ilitangulia televisheni, na hilo limeacha alama: hadi leo mtu wa makamo akisema "video" ana maana ya jambo la kukusanyika.

Mabanda ya video yalianza mijini yakafuata barabara. Banda halikuhitaji mengi: mabati au turubai, mabenchi, jenereta na ubao mlangoni wenye majina ya filamu yaliyoandikwa kwa chaki. Kwa kuwa filamu zilikuwa za Kihindi, Kichina na Kimarekani, walitokea watafsiri. Aliyejulikana kuliko wote Dar es Salaam ni Derek Mukandala, aliyeitwa Lufufu, ambaye sauti yake ilirekodiwa juu ya filamu na kusambaa nchi nzima. Wakuu wa Vugiri walibadilisha santuri; Lufufu alibadilisha sauti ndani ya mkanda wenyewe. Haja ilikuwa ile ile: picha imeshafika, sasa iongee na watu.

Mkanda wa VHS wa dakika 180 ulichukua harusi nzima. Ukinakiliwa ulipoteza ubora, na nakala ya nakala ilikuwa na theluji na rangi zilizovuja. Lakini ulikuwa na fadhila moja kubwa: ulizeeka kwa taratibu. Vumbi likiingia, picha iliyumba, fundi akasafisha kichwa cha deki kwa spiriti, picha ikarudi. Hata mkanda uliochakaa ulikuonyesha kitu. Diski haina tabia hiyo. Inasoma, au haisomi.

Dakika 74

Mwaka 1993 kampuni za Philips, Sony, JVC na Matsushita zilikubaliana kanuni za VCD. Ilikuwa CD ya kawaida iliyojazwa picha. Kila fremu ilikuwa na nukta 352 kwa 288 kwa mfumo wa televisheni wa PAL tuliokuwa tukiutumia sisi, fremu 25 kwa sekunde, na data ya picha haikuruhusiwa kuzidi takriban kilobiti 1,150 kwa sekunde. Kwa hesabu hiyo diski moja ilibeba dakika 74. Ulaya na Marekani hawakuijali sana. Asia na Afrika waliikumbatia, kwa kuwa deki zake zilikuwa rahisi na diski tupu zilikuwa bei ya soda.

Ndani ya VCD kulikuwa na mapatano ambayo wengi hatukuyajua. CD ya data hutenga sehemu ya nafasi yake kwa ajili ya kurekebisha makosa. Diski ikikwaruzika kidogo, mashine hukokotoa na kujaza pengo. VCD ilitoa sehemu ya ulinzi huo ili ipate nafasi zaidi ya picha. Huko Singapore, ndani ya kasha safi, ni biashara nzuri. Karatu, kwenye vumbi, ni biashara ya hatari. Ndiyo maana VCD zetu ziliganda mapema kuliko tulivyotarajia.

Juu ya diski hizi ilijengwa biashara ya filamu za Kibongo. Baada ya filamu ya Girlfriend kutoka mwaka 2003, maduka ya Kariakoo yalianza kutoa filamu mpya kila wiki, na wasambazaji kama Steps Entertainment wakazifikisha hadi kwenye meza za mnada mikoani. Hadithi ya saa mbili haikuenea kwenye dakika 74, ikagawanywa, na wauzaji wakaona faida ya kuuza sehemu ya kwanza na ya pili kwa bei mbili. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, sura yake ilikuwa imeingia katika nyumba ambazo hakuna gazeti lililofika, na iliingia kwa njia ya diski.

Wakati huo huo kwaya za makanisa ziligundua kwamba wimbo wenye picha unauzika zaidi. Huku kwetu mandhari ni utajiri: mashamba ya ngano, kahawa ya Oldeani, ukungu wa asubuhi juu ya msitu wa kreta. Hapa ndipo nilipoona kwa macho yangu namna umbo la video linavyoweza kumwadhibu asiyelijua. Video iliyobanwa haihifadhi kila fremu nzima. Inahifadhi picha moja kamili, kisha kwa fremu zinazofuata inaandika mabadiliko tu: mkono umesogea hapa, kichwa kimegeuka pale. Ukuta ukiwa umetulia nyuma ya mwimbaji, mabadiliko ni machache na kilobiti 1,150 zinatosha. Sasa waweke waimbaji 30 wenye vitenge vya maua sare, wakicheza, ndani ya nyasi ndefu zinazopepea kwa upepo wa nyanda za juu, na mpiga picha anazungusha kamera. Kila nukta imebadilika. Data haitoshi, na picha inavunjika kuwa vigae. Uso wa mwimbaji kiongozi unageuka sakafu. Kwaya ilipanda mlima alfajiri kutafuta mandhari nzuri, na mandhari ndiyo iliyoharibu kazi yao.

Fundi mwenye uzoefu alilijua hilo kabla ya kutoa kamera kwenye begi. Aliweka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, akawasimamisha waimbaji mbele ya mwamba au anga, akawasogelea karibu. Aliyeshutia kwa ajili ya VCD alikuwa tayari ameanza kuhariri pale pale uwanjani.

Deki ya kujaribia

DVD ilizinduliwa Japani mwaka 1996, na kwetu ilichukua takriban muongo kuingia nyumba za kawaida. Picha yake ya PAL ina nukta 720 kwa 576, mara nne ya VCD, na diski ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7. Watu hawakubadilisha jina. VCD na DVD zote zilibaki "CD". Kompyuta za steshenari zikapata vichomeo, na ghafla kila mji mdogo ulikuwa na studio. Harusi, kipaimara, mahafali na mazishi vikawa diski.

Nilijifunza kazi katika chumba kimoja cha Karatu chenye meza, kompyuta mbili na pazia. Kipaimara cha kwanza nilichoachiwa peke yangu nilikitoa kwa ubora wa juu kabisa ambao programu iliniruhusu. Kwenye kompyuta kilipendeza. Siku ya tatu aliingia mama mmoja kutoka kijiji cha nje, diski imefungwa kwenye kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii CD yenu inafika pale mtoto anapopiga magoti kwa Baba Askofu, inasimama."

Fundi wangu hakunikemea. Aliichukua diski, akaiweka kwenye deki nyeusi iliyokuwa chini ya meza, kifuniko chake kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ikasimama pale pale, mtoto amepiga magoti, mkono wa askofu umebaki hewani. Ndipo nilipoelewa deki ile ilikuwa inafanya nini pale. Ilikuwa mbovu kuliko zote alizowahi kuletewa kutengeneza, na aliinunua kwa makusudi. Kila diski iliyotoka chumbani mle ilipaswa kufunguka humo kwanza. Alisema, ikisoma hapa, itasoma kwa bibi yako.

Kisha akanionyesha hesabu, na ninaiandika hapa kwa ajili ya anayeihitaji. DVD ya gigabaiti 4.7 ni sawa na megabiti 37,600. Gawanya kwa sekunde za video yako. Saa mbili ni sekunde 7,200, unapata megabiti 5.2 kwa sekunde, picha na sauti kwa pamoja. Saa tatu ni karibu 3.5. Hiyo ndiyo bajeti, na haina nyongeza. Video fupi ya saa moja inakupa zaidi ya 10, lakini usizitumie zote: kanuni za DVD zinaishia hapo hapo, na deki iliyochoka ikisoma diski iliyochomwa inakwama mapema kuliko kanuni. Yeye hakuvuka 6. Kipaimara changu nilikitoa kwa 9.

Sauti nayo ina bajeti yake. Sauti isiyobanwa inakula megabiti 1.5 kila sekunde. Ikibanwa kwa mfumo ambao kila deki inauelewa, inatosha na 0.2. Katika harusi ya saa tatu, tofauti hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya data yote, imekwenda kwenye vinanda ambavyo spika ya televisheni haiwezi kuvitofautisha.

Yalikuwepo na mengine. Picha za PAL zilipigwa kwa mistari inayopishana, ya witiri na ya shufwa. Ukiitoa video kwa kugeuza mpangilio wake, kila anayetembea anatetemeka kama mwenye homa. Televisheni za kioo kinene zilikata kingo za picha, hivyo majina ya maharusi yaliyoandikwa chini kabisa yalipotea. Aliyejua aliyapandisha juu. Picha pana ikibanwa kwenye skrini ya zamani bila kupangwa, bibi harusi anarefuka na kukonda, na mama yake hatasahau. Karatasi ya kubandika juu ya diski huifanya iyumbe ikizunguka kwa kasi, na kalamu ya wino yenye ncha ngumu huichubua; tuliandika kwa makapeni laini tu. Na uchomaji ulikuwa wa mwendo wa 4, hata kama kichomeo kilijisifu kwa 16, huku tukiomba umeme usikatike kabla diski haijafungwa.

Ngorongoro ilituongezea somo jingine. Waongoza watalii na mafundi wa mji walianza kuwachomea wageni diski za safari yao: simba wa bonde la kreta, lenye upana wa kilomita 19 hivi, viboko, vifaru kwa mbali. Mgeni wa Ujerumani au Uingereza alifika kwao akaitazama. Wa Marekani na Japani hakuweza. Kwao mfumo ulikuwa NTSC, fremu karibu 30 kwa sekunde na mistari 480 badala ya 576, na deki nyingi za Marekani hazikuijua PAL kabisa. Deki zetu za Kichina, ambazo wengi walizidharau, zilisoma zote mbili. Hivyo ikawa desturi kumwuliza mgeni kwanza, "Nyumbani ni wapi?" kabla ya kubofya kitufe chochote. Sijawahi kusikia swali bora zaidi katika kazi hii.

Diski inapoondoka

Diski iliponawiri, uharamia nao ulinawiri. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuwepo, na COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, ilianzishwa chini yake. Mwaka 2013 stempu za kodi zilianza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki. Lakini mezani zililala diski za kuchanganya, filamu kadhaa kwenye moja. Siri yake ilikuwa ya kiufundi: kanuni za DVD zinaruhusu picha ndogo ile ile ya VCD, na kwa ukubwa huo diski moja inabeba zaidi ya saa saba. Mnunuzi alifurahia wingi. Mwenye filamu, aliyeuza nyumba ili aikamilishe, hakupata hata nauli.

Kisha deki zikatoboliwa tundu la flashi, ving'amuzi vikaenea baada ya matangazo ya analojia kuanza kuzimwa Dar es Salaam usiku wa kuamkia 2013, na simu ikawa kamera na skrini. Vijana wengi Karatu leo hawajawahi kuchoma diski. Lakini swali halijaondoka. Simu mpya inarekodi kwa ubanaji mpya ambao televisheni ya mjomba haiufungui. Faili likizidi gigabaiti 4 flashi ya mpangilio wa zamani inalikataa. Harusi inatumwa kwa simu, inabanwa njiani, inafika ikiwa vigae kama kwaya ile ya kwenye nyasi. Majina yamebadilika, uzembe wa kutomfikiria anayepokea ni ule ule.

Na kuna deni. Diski za kiwandani hugongwa kwa muhuri, lakini zile tulizochoma zimeandikwa kwa mwale wa leza juu ya rangi, na rangi hufifia kwa jua na joto. Katika kabati za Rhotia, Oldeani na Endabash zimo sauti za wazee walioimba kwa Kiiraqw kwenye harusi za wajukuu, ngoma ambazo hakuna kituo cha redio kilichozirekodi, sura za watu ambao hawakuwahi kupiga picha nyingine. Hizo ndizo kumbukumbu zetu, na zinafifia bila kelele. Kila mwenye diski kama hiyo na aitoe mwaka huu, aifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, ainakili ilivyo bila kuibana tena, aweke nakala mbili mahali pawili. Inayosomeka leo isingoje mwakani.

Kipaimara kile tulikichoma upya siku ile ile. Nilipunguza hadi 5, nikaibana sauti, nikachoma kwa mwendo wa 4. Mama alikaa kwenye benchi akingoja, kanga mapajani. Tulipoiweka kwenye deki nyeusi, kifuniko kikafungwa kwa mpira wake, picha haikuwa kali kama ile ya kwanza, na yeyote mwenye jicho angeona. Ibada ikaanza. Watoto wakasogea kwa mstari. Mtoto wake akapiga magoti, mkono wa askofu ukashuka, ukagusa paji la uso, na mtoto akainuka akarudi mahali pake. Mama alisimama, akaifunga diski kwenye kanga yake, akawahi basi la saa tisa.